Soda Nilizokupa, Baba

Shikamoo Baba,

Nakuandikia hapa kibarazani Buswelu. Ni wiki ya tatu tangu tukuzike Magu na bado sijaamini. Kifo chenyewe sijakiamini, na maneno ya daktari ndiyo kabisa.

Siku ile uliyofariki aliniuliza, "Mzee alikuwa anakunywa nini?" Nikajibu kwa kujidai: soda, dokta, asubuhi na jioni, hajawahi kukosa. Akaweka kalamu chini. Akasema sukari yako ilikuwa imepanda mpaka kipimo kikashindwa kuisoma. Kiu ile isiyoisha, kukojoa kila mara, kukonda ghafla, vyote vilikuwa sukari. Na mafuta niliyokuwa nakupikia yalizidi kuuelemea moyo. Nilikaa sakafuni, mbele za watu.

Maana ulipokuja kwangu baada ya mama kufariki ulikuwa mwembamba, umezoea ugali, mlenda na maziwa ya ng'ombe wako. Niliona aibu. Watu wangesema nini, baba anaishi kwa binti mwenye duka halafu mbavu zinahesabika? Nikakukaangia sato, chipsi, kuku na ngozi yake. Ukanenepa. Majirani wakanisifu, "Mzee amependeza, mjini kumemkubali." Ukicheka, tumbo linatikisika, na mimi roho inasuuzika.

Ulipoanza kukonda nilidhani unaikumbuka Magu. Nikaongeza mafuta, nikaongeza soda, ili mwili urudi. Ukisema, "Mwanangu, nina kiu," nakimbilia friji la dukani. Maji sikukupa. Maji niliona ni ya mzee asiye na mtoto wa kumtunza. Ujinga gani ule, Baba? Nani alinifundisha?

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Baba mdogo anasema ulilogwa. Anamtaja dada yako, shangazi Kabula wa kule Magu, eti kwa sababu alikuletea maziwa ya mgando mwezi uleule ulipoanza kukonda. Wajukuu wamekatazwa kukanyaga kwake. Juzi alienda bombani, wanawake wakanyanyua ndoo zao wakaondoka, hata shikamoo hakupewa. Shangazi yangu, mwenye macho mekundu wanayoyaita ya kichawi, kumbe ni moshi wa kuni tu! Na unajua kwetu maneno ya namna hiyo yanaishia wapi, kwa bibi anayelala peke yake: mapanga usiku.

Na mimi nimenyamaza. Msibani walipouliza nilisema, "Presha, ghafla tu." Nilijua kilichokuua na nikaona haya kukitamka. Hilo linanishtua kuliko soda zenyewe, kwamba naweza kumwacha shangazi aumizwe ili mimi niendelee kuitwa binti mwema.

Jumamosi kuna kikao cha ukoo hukohuko Magu. Nitaondoka alfajiri na cheti cha hospitali. Nakuahidi nitapitia kwa shangazi kwanza, nimwamkie, niingie naye kikaoni tumeshikana mikono. Kisha nitasimama mbele yao wote. Baba mdogo akifoka, afoke. Wakisema nimemuua baba yangu, nitalia, lakini sitakaa chini mpaka nimalize.

Nisamehe, Baba. Nilikupenda vibaya. Pumzika sasa, kwaheri.

Nitawaambia hivi: shangazi alimletea maziwa, soda nilimpa mimi.

Binti yako,
Minza