Maelezo ya Mama Kitambulisho Kuhusu Mashine Iliyotoka Getini

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni Jumatano tarehe 15, saa 8:50 mchana.

Jina: kama linavyosomeka kwenye kitambulisho alichokabidhi. Kazini anaitwa Mama Kitambulisho.
Umri: miaka 54.
Kazi: msimamizi wa mtandao wa kompyuta za pamoja wa vyuo vikuu vinne.
Makazi: nyumba za wafanyakazi, mlango wa tatu nyuma ya maabara.
Uhusiano na mtuhumiwa: dada yake mkubwa, baba mmoja mama mmoja.

Nimekuja hapa kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Ofisa ameniambia nieleze kwa mpangilio. Mimi ni mtu wa mpangilio, kwa hiyo naanzia mwanzo.

Vyuo vyetu vinne vimeunganisha kompyuta zao. Hesabu kubwa ambayo chuo kimoja kingehangaika nayo mwaka mzima, tunaikata vipande. Kila chuo kinahesabu kipande chake, mwishoni vipande vinakutana. Mimi ndiye ninayepanga hizo kazi na ndiye ninayesajili watu. Hapewi mtu cheti cha kuingia kwenye mtandao mpaka aje yeye mwenyewe, nimtazame usoni, nilinganishe na kitambulisho chake. Profesa atakuja, mkuu wa chuo atakuja. Jina la utani nililipata hapo.

Mdogo wangu ni fundi wa kompyuta katika chuo cha pili, kile cha bondeni. Siku alipokuja kusajiliwa alikuja mikono mitupu. Akaniambia, "Dada, umenibeba mgongoni miaka miwili mizima, leo hunijui?" Nikamjibu, "Mgongoni sikuuona uso. Lete kitambulisho." Alirudi kwao kukichukua, akaninunia wiki nzima. Nayasema haya ili ofisa ajue kwamba sina desturi ya kumpendelea.

Mnamo tarehe 20 mwezi uliopita tulianza hesabu ya mtafiti mmoja wa mito. Huyu binti anataka kujua, mto ukifurika, maji yatapita nyumba zipi za mtaa wa chini na yatafika baada ya saa ngapi. Baraza la mji linayahitaji majibu Ijumaa hii, kabla ya mvua kubwa. Hesabu ilikuwa imalizike leo saa nane mchana. Kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa kwenye mashine moja ya chuo cha bondeni, ndiyo hiyo inayodaiwa kuibiwa.

Hapa nataka ofisa aandike neno kwa neno. Nilipoipanga hesabu hiyo nilitakiwa kuweka agizo la kuhifadhi kazi kila baada ya saa sita, ili umeme ukikatika tuendelee pale tulipoishia. Nilisahau. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, nikasahau. Hesabu ikishaanza, agizo hilo haliingizwi tena. Mashine ikizimika hata dakika moja, kazi yote inaanza upya.

Mdogo wangu aliligundua siku ya tano, akanipigia simu. Nilijifanya hamnazo, nikamuuliza ana uhakika gani. Akasema, "Dada, nimetazama mara tatu." Kisha akacheka kidogo akaniambia basi tuuombee umeme afya njema. Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Kuanzia siku hiyo alikuwa analala kwenye chumba cha mashine siku nyingi kuliko nyumbani kwake.

Jana Jumanne tarehe 14, saa 3:05 asubuhi, alinipigia tena. Bomba lilikuwa limepasuka juu ya dari ya chumba chake na maji yalikuwa yanadondoka karibu na kabati la mashine. Mafundi wa majengo walimpa robo saa tu, kisha wangekata umeme wa jengo zima kwa siku tatu. Mkuu wa idara yake alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Nilimwambia, "Izime, mdogo wangu. Nitaubeba mzigo wangu mwenyewe." Akakata simu.

Saa 3:52 alitokea mlangoni kwangu akisukuma toroli. Juu yake kulikuwa na mashine, imefunikwa koti lake la mvua, na chini yake betri ya akiba inayolia kila sekunde. Alikuwa ameipandisha kilima chote kutoka bondeni bila kuizima. Betri ile huchukua dakika arobaini, na yeye alitumia thelathini na nne. Ikikosa mtandao kwa muda, mashine hujihesabia yenyewe, ilimradi umeme usikatike. Tuliichomeka ukutani kwangu, nikaunganisha waya wa mtandao, taa ikawa ya kijani.

Sikujua kuchagua kati ya kumkumbatia na kumzaba kofi. Nilimwambia ananuka mfereji. Alikunywa maji glasi tatu akiwa amesimama, viatu vyake vikiwa chepechepe, akasema, "Usiizime, dada. Nitakuja kuifuata." Akaondoka na toroli tupu. Hakuniambia kwamba getini alipita bila kibali cha kutoa mali, wala kwamba mlinzi alimwita akamjibu hana nafasi ya kusimama. Mlinzi simlaumu. Mtu anapita mbio na kitu kimefunikwa koti, wewe ungefanyaje? Ningekuwa mimi ningempigia filimbi.

Leo saa 12:40 asubuhi wifi yangu, mke wa huyu mdogo wangu, alinipigia. Alikuwa amedhani mumewe amelala kwenye mashine kama kawaida yake. Akaniambia, "Wifi, mwenzangu yuko kituoni tangu jana. Wanamuuliza mashine iko wapi, anasema iko salama basi, mengine atayasema leo saa nane."

Nilifika hapa saa 1:30. Ofisa wa zamu alinipa dakika tano, akasimama mlangoni. Nilimkuta mdogo wangu amekaa chini, viatu havina kamba. Nilimnong'oneza kwamba nimekuja kusema mashine iko kwangu, nimtoe. Akaniuliza, "Imebakisha muda gani?" Nikasema saa sita na nusu. Akasema, "Ukiwaambia wataikamata kama kielelezo, wataichomoa. Halafu watauliza kwa nini haikuwa imehifadhiwa. Nenda ukakae nayo." Nikamwambia atamwaga unga kwa ajili yangu. Akasema, "Miaka miwili mgongoni, dada. Leo zamu yangu."

Nililia palepale mbele ya ofisa wa zamu, na sioni haya kulisema. Mimi ndiye mkubwa, lakini nilimtii. Nimekaa mbele ya ile mashine roho juu tangu saa mbili asubuhi, sikwenda hata msalani. Kama kuificha kwa saa hizo ni kosa, kosa ni langu.

Hesabu imemalizika leo saa 8:06 mchana. Vipande vyote vinne vimekutana. Mtafiti ameshapata majibu yake. Nimeandika barua kwa wakuu wa vyuo vyote vinne kueleza agizo nililolisahau, nakala hii hapa. Wakinifukuza, wamenifukuza mimi, si yeye. Mdogo wangu hakuiba. Hajui hata kuchukua kijiko cha mtu.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimesahihisha dakika moja mahali pamoja, na natia saini.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa: Mashine nimeikuta chumbani kwa shahidi saa 9:50 alasiri, ikiwaka, na namba ya mgongoni imelingana na ile ya mlalamikaji. Mkuu wa idara amepatikana kwa simu na ameomba shauri liondolewe. Kabla ya kumwachia mtuhumiwa nilimleta mbele ya shahidi ili amtambue, kama utaratibu unavyotaka. Shahidi alimtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akamwambia alete kitambulisho. Mtuhumiwa alijibu kwamba kiko kaunta pamoja na mkanda na kamba za viatu vyake. Shahidi alisema safari hii atampitisha hivyohivyo, akainama akaanza kumfuta tope kwenye viatu.