Mpaka Ini Langu Likubaliwe

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na kwamba cherehani bado inalia. Mimi mzima, ila nimenuna.

Majibu yametoka. Damu yangu inakufaa, lakini ini langu wamelikataa. Lina mafuta mengi mno, na daktari hawezi kumega kipande chake akupandikize wewe. Nikabisha: mimi pombe sigusi! Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia napika keki. Akacheka mpaka miwani ikamteleza. Soda mbili kwa siku, krimu ya kuonja tangu asubuhi, na kutwa nimesimama pale pale kwenye tanuri. Kanipa miezi minne nilipunguze mafuta, kisha anipime tena.

Usihangaike kutafuta mtu mwingine. Nitakupa mimi.

Kitindamimba wako

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Miguu bado, na macho yamekuwa ya manjano, lakini uzi nautunga bila miwani.

Sikukuomba ukatwe kwa ajili yangu. Ila nakujua, ukishasema umesema, na ukaidi huo umeutoa kwangu. Basi kila mwezi jizungushie uzi kiunoni, uukate, uutie kwenye bahasha. Namba sizitaki. Mimi ni fundi, wateja wamenidanganya namba za viuno vyao miaka thelathini.

Mamako

20 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole na homa.

Haya, pima uzi huu kwa ule wa Februari halafu ukae chini! Soda nimeacha, kuonja krimu nimemwachia mwenzangu wa zamu. Mengine usiniulize, yana siri yake.

Kitindamimba

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba, homa imeshuka. Nimeupima uzi mara tatu nikidhani nimekosea. Vidole vinne ndani ya mwezi! Nimeubandika ukutani kwenye chumba cha kushonea, na kila mteja anayeingia lazima nimwonyeshe kabla sijamchukua vipimo. Mmoja amenuna. Shauri yake.

Mamako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui hata nianzie wapi.

Kiuno kilipungua kweli, ila kwa njia ya uongo. Nilinunua unga wa mitishamba, eti unasafisha ini ndani ya wiki sita. Nikawa nakunywa huo na maji, chakula nakigusa tu. Juzi nilichoka hata kunyanyua trei, nikaenda kupimwa. Ini limeumia, Mama. Hilo hilo ninalotaka kukupa. Daktari safari hii hakucheka. Alisema ini linajisafisha lenyewe, halihitaji unga wa mtu. Nimeutupa, na miezi yangu inaanza upya.

Sasa nafuata alichoniambia: maharage, mboga za majani, samaki, matunda badala ya juisi, kahawa bila sukari. Nakwenda kazini kwa miguu, dakika arobaini. Jumanne na Ijumaa naenda yoga kwenye ukumbi wa nyuma ya maktaba. Mwalimu ni bibi mmoja, karani mstaafu wa posta, anajikunja mpaka unaona aibu. Daktari anasema yoga peke yake haitayeyusha hayo mafuta, lakini mimi nilikuwa nakula kila nikikuwaza, na pale sakafuni nimejifunza kukuwaza huku napumua.

Nisamehe.

Kitindamimba

10 Mei

Mwanangu,

Nimekasirika, kwa hiyo salamu zitakuja mwisho. Ulitaka nikuzike kabla hujanizika? Uzi nimeubandua. Usinitumie mwingine. Kama ini haliwezi, liache, mimi nimeishi vya kutosha.

Marahaba. Kula vizuri.

Mamako

19 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua zangu za Juni na Julai hukuzijibu. Jirani kaniambia kwenye simu kwamba upo, ila umekonda na unanikwepa. Haya, nikwepe sasa: wamenikubali!

Daktari ameziangalia picha mara mbili, akamwita na mwenzake. Ini limerudi sawa, na mafuta yamebaki kidogo tu. Safari hii sikuwa na siri yoyote, ni miguu yangu na kinywa changu. Nilijivuna hadharani, pale pale kwenye korido. Ninakuja tarehe tano. Fungasha nguo zako, tunalazwa pamoja.

Kitindamimba

18 Septemba

Mwanangu,

Usiinuke kunijibu. Barua hii anakuletea nesi. Ni hatua ishirini tu kufika kwako, lakini hawaniruhusu kutoka nje ya wodi.

Barua zako sikuzijibu makusudi. Nilitaka ukate tamaa usikatwe, hata kama ningekufa. Nilikosea kukudhania hivyo, nisamehe na wewe.

Asubuhi daktari aliniambia ini nililopewa ni zuri, lilianza kazi mara moja. Nikamwambia wodi hii ina watu sita, hebu arudie kwa sauti. Akarudia. Nikawaambia mwenye ini ni binti yangu, alilikuta bovu akalitengeneza kwa miezi yote ile, na tumboni mwangu ndimo alimotoka. Wakapiga makofi, hata mgonjwa mmoja wa dirishani ambaye tangu nije hajanena neno.

Ukiweza kutembea, pita hapa mlangoni usimame kidogo. Nataka wakuone.

Mamako