Tulikuitikia Amin

Mama,

Hapa Pujini hatujambo. Karafuu zimeanikwa uani, na kuku wako wale wakorofi wanazichakura kama kawaida yao. Baba anawafukuza kwa Kirusi, eti ndiyo lugha waliyozoea kutukaniwa.

Nimegombana na mdogo wako, Mama mdogo Aigul. Tangu ufariki alikuwa akinipigia simu kutoka kwenu Kazakistani, tukizungumza Kirusi, maana ndicho ulichonilea nacho. Kisha akakikataa Kirusi. Akasema watu wa huko wameamka, wanarudi kwenye Kikazaki chao, na Kirusi ni lugha ya aliyewatawala. Nilipandwa na hasira, Mama. Kwake ni lugha ya mtawala. Kwangu ni sauti yako ukinisuka nywele barazani. Aninyang'anye hata hiyo?

Ulinisimulia mara moja tu, kwamba mwalimu alikuzaba kibao kwa kusema Kikazaki darasani, na toka hapo hukukisema tena. Baba alipokuleta Pemba, ukajifunza Kipemba kwa Bibi, tena kile chenyewe hasa. Watu wa Unguja wakikucheka maofisini, unawatolea macho: "Mie Mpemba mie! Mwacheka nini?"

Wiki iliyopita Aigul alilegeza kamba. Aliuliza kwa Kirusi ulisema nini siku ile ya mwisho.

Nikamweleza. Ulisema sana, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua mle chumbani, hata Baba. Jirani yetu Bi Asha na wenzake, waliokuwa wakikusomea Yasini, walidhani unaomba dua kwa Kiarabu. Kila ukinyamaza wanaitikia, "Amin." Nami nikaitikia.

Aigul alilia. Hakunilaumu. Alisema huenda uliomba maji, huenda ulimwita mama yenu, na huenda kweli ilikuwa dua.

Inaniuma, Mama. Labda ulikuwa na haja, na sisi na heshima zetu tukakujibu Amin.

Nimemwomba Aigul anifundishe Kikazaki. Ulimi wangu mzito, ananicheka mpaka anakohoa. Kirusi sikitupi, naye ameacha kunishikilia nikitupe.

Mungu akupe kauli thabiti, mama yangu. Nimekutamani mno. Nikishaiweza lugha yako nitakuja kaburini, nitakaa chini, nikuulize kwa hiyo hiyo: Mama, ulikuwa unasemaje?

Mwanao,
Zuhura