Mota Haikuwa na Kosa

Magamba, Lushoto
Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Mnazi, na kwamba shangazi sasa anaweza kukaa bila kushikwa. Huku baridi imekaza, ukungu hautoki mpaka saa nne, ila karoti zimekubali. Nimeona nikuandikie kwa sababu simu ya shangazi husikilizwa na nyumba nzima, na haya ni ya masikio yako kwanza. Jirani yetu Aisha atakukabidhi mkononi.

Yanamhusu kaka Athumani. Usishtuke, yu mzima na anakula.

Unavijua vile vigari vyetu vya rimoti, ulivyosema vinalia kama nyigu. Mwalimu Clemence wa chuo cha ufundi ametengeneza uwanja nyuma ya bustani yake, kona zote amezizungushia mipira ya kumwagilia, na Jumapili watu hujaa. Kaka ndiye dereva, mimi fundi wa mota. Ni mota zisizo na brashi, mama. Ndani kuna sumaku inayozunguka katikati ya nyaya, na nyuma kuna kifuniko unachokisogeza kidogo sana kupanga taimingi, yaani wakati wa umeme kuingia kwenye nyaya. Ukikipeleka mbele, mbio zinaongezeka, lakini mota inachemka na inakosa nguvu ya kutokea kwenye kona. Ukizidisha, sumaku inakufa kwa joto. Kazi yangu ni kutafuta pale panapofaa, kwa kidole na kwa sikio.

Jumapili iliyopita walikuja washindani kutoka Arusha na Tanga. Raundi ya kwanza kaka aliongoza vizuri, mpaka kona ya kushoto kabisa, gari likavaa mipira na kupinduka. Alishuka kwenye jukwaa la madereva amefura, akasema mota inatoa nguvu kwa kushtukiza. Nikairudisha taimingi nyuma. Raundi ya pili, kona ileile. Nikabadilisha gia ndogo ya kwenye mota. Kona ileile tena. Hapo akanigeukia mbele ya wageni:

"Latifa, unaniaibisha. Kama imekushinda sema, nimpe Clemence."

Niliifungua mota yote, nikakagua sumaku, beringi, waya wa sensa. Kila kitu kizima. Nikaomba rimoti nijaribu mwenyewe. Gari lilipita pale bila kugusa chochote, nikalizungusha tena na tena, na mota ilikuwa tamu kuliko siku zote. Watu wakapiga makofi. Mimi nilibaki najiuliza, kama kosa haliko kwenye gari, liko wapi?

Raundi ya mwisho sikuliangalia gari. Nilimwangalia yeye. Kila lilipokimbilia kushoto aligeuza kichwa kizima, kama mtu aliyeitwa, na kila mara aligeuka akiwa amechelewa. Aliposhuka nilisimama kushoto kwake, nikanyoosha bisibisi mpaka karibu na shavu lake. Hakupepesa macho. Alikuwa akipapasa mezani anaitafuta bisibisi hiyohiyo.

Nilikumbuka kioo cha kushoto cha lile Fuso analoendesha kubeba mboga, kilichovunjika Ramadhani, na kingine baada ya Idi, na yeye akisema barabara ya Mombo ni nyembamba. Kushoto kwake, mama, ndiko wanakotembea watoto wa shule. Na Jumatatu alfajiri alikuwa ashuke na kabichi za Dar es Salaam, Bi Salma na wachuuzi wenzake wamekaa naye mbele.

Nilimfuata jioni nyuma ya jiko nikamwambia nilichokiona. Kwanza alicheka. Kisha akahamia Kishambaa, kama afanyavyo akikasirika, akasema barabara ile anaijua hata akifumba macho. Nikamjibu kwamba hicho ndicho ninachokiogopa. Halafu akakiri kwa sauti ndogo kwamba upande ule umeingia giza tangu kabla ya Ramadhani, na kwamba ataenda hospitali mboga zikipungua.

"Ukimwambia mtu," alisema, "umeninyang'anya usukani."

Nilimwomba asiende safari hii moja tu. Alikataa, akaingia ndani kupanga nguo zake.

Najua umeshasikia kwamba Bwana Paskali, mwenye gari, amemsimamisha kaka kwa sababu ya vioo. Si vioo, mama. Ni mimi. Jioni hiyohiyo nilikwenda kwake nikamweleza yote, tena nikiwa nimesimama mlangoni, maana nilijua nikikaa nitabadili nia. Kaka alipofuata funguo asubuhi, hakupewa.

Jana Bwana Paskali mwenyewe alimpeleka hospitali ya macho. Daktari amesema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, halitarudi. La kulia limeanza kuguswa, ila litaokoka akitia dawa kila siku. Kuendesha gari, basi tena.

Fuso lilifika Dar es Salaam na dereva mwingine, salama kabisa. Tangu hapo kaka amenisemesha mara moja tu, kuniambia kwamba hata yeye angefika. Na huenda ni kweli, mama. Nitaishi bila kujua, na yeye ataishi akiamini hivyo. Hata hivyo, ingerudi jioni ile, ningekwenda tena.

Anakuja kwako Ijumaa. Usinitetee, mwache aniseme mpaka achoke. Msalimie sana shangazi, na Aisha umpe maji ya kunywa, njia ni ndefu. Na kaka akishuka kwenye gari, mama, usimwite kwa mbali wala usimshike ghafla. Simama kulia kwake, akuone.

Mwanao akupendaye,
Latifa