Kuhusu Mpiga Goma Kumlalia Mwenyekiti

CHAMA CHA NGOMA CHA KILOLE, KOROGWE
Kikao cha Jumapili, tarehe 16 Juni 1946, uani kwa Bi. Mwatumu

Waliohudhuria:
Mzee Mhina, Mwenyekiti
Bi. Mwatumu, kiongozi wa waimbaji
Bw. Semboja, mpiga zumari
Bw. Filemoni, mwanachama, dresa (mfunga vidonda) wa zahanati
Bw. Bonaventura, mpiga goma kubwa, aliyerudi kutoka vita vya Burma
Efrazia, Mwandishi

Asiyehudhuria: Bw. Laurenti. Alitoa udhuru wa homa. Bi. Mwatumu alimwona sokoni, mzima.

KUMB. NA. 1/46: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao akiwa amesimama. Alieleza kwamba kiuno hakimruhusu kuketi, na aliyesababisha anajulikana.

KUMB. NA. 2/46: TUKIO LA MAZOEZINI
Ilielezwa kwamba tangu arudi kutoka vitani, Bw. Bonaventura hushtushwa na kishindo chochote. Bw. Semboja alisema shauri la kumzoesha lilikuwa lake: goma lipigwe ghafla nyuma ya mgongo wake. Lilipopigwa, Bw. Bonaventura alimwangusha Mwenyekiti matopeni, akamlalia hadi wimbo ukaisha. Mwandishi anakiri kwamba alicheka, kisha akauona uso wa Bw. Bonaventura, akaacha.

Mwenyekiti alitaka Bw. Bonaventura atolewe chamani. "Mwezi ujao tunashindana na ngoma ya Kwaluguru. Nilaliwe mbele ya wageni?"

Bw. Semboja, ambaye ni Mzigua na kwa hiyo ni mtani wa Wanyamwezi, kina Bw. Bonaventura, alisema Mwenyekiti ashukuru. Mnyamwezi huyo angekuwa ameshiba, mbavu zisingebaki.

Alipoulizwa sababu, Bw. Bonaventura alijibu taratibu: "Mzee, bomu likija unamfunika aliye karibu. Gregori, mwenzangu kule Burma, sikumwahi."



KUMB. NA. 3/46: TIBA
Bw. Filemoni alieleza kwamba hospitali moja ya Tanga ina daktari wa askari wa namna hiyo. Alitoa karatasi ya Kiingereza, Mwandishi akaombwa kutafsiri. Alisoma kwamba huo si woga wala si pepo, ni jeraha la nafsi: mwili umerudi nyumbani, moyo bado uko zamu. Mwenyekiti alisema hasikii neno, anasikia panya tu. Mwandishi alirudia kwa sauti, jasho likimtoka.

Bi. Mwatumu aliuliza dawa yake. Ilijibiwa kwamba mgonjwa huzungumza, daktari husikiliza, na hurudi tena na tena mpaka mzigo upungue.

"Bila sindano?"

"Bila sindano, mama."

"Wala hamkatizi?"

"Hamkatizi."

Bi. Mwatumu alisema mume wa hivyo amemtafuta miaka yote.

Bw. Bonaventura alisema haendi, ataitwa mwendawazimu. Bw. Semboja alijibu: "Mimi si nakuita hivyo kila siku? Twende wote, mtani. Atakayekucheka njiani atakuwa ananiingilia kazi yangu."

Bw. Bonaventura alicheka. Mwandishi hakuwa ameyaona meno yake tangu arudi. Akakubali.

Iliamuliwa aende, na goma lake lisishikwe na mwingine.

KUMB. NA. 4/46: MENGINEYO
Mwenyekiti aliuliza kama daktari huyo huwapokea pia waliobeba mizigo katika vita vya kwanza, vya Mjerumani. Bw. Filemoni alijibu kwamba huwapokea. Mwenyekiti alisema ameuliza tu.

Bi. Mwatumu, ambaye ni jirani yake ukuta kwa ukuta, alisema: "Mzee, usiku mimi nasikia unavyoweweseka."

Mwenyekiti alitazama miguu yake, kisha akamwagiza Mwandishi: "Andika, mwanangu. Garimoshi la Alhamisi, watu watatu."

Iliandikwa.

Wajumbe waliachana saa kumi na moja jioni, baada ya kula mihogo ya Bi. Mwatumu.

Mhina, Mwenyekiti (alama ya kidole gumba)
Efrazia, Mwandishi (sahihi)