Jembe la Mihayo Limelala kwa Venant

Mwanangu Mihayo amekuwa wa kwanza kwa kilimo cha pamba shule nzima, kuanzia darasa la kwanza mpaka la nne, na jembe alilopewa zawadi limezuiliwa na jirani. Ndiyo, umesoma vizuri. Sasa ndipo nakusalimu, bwana mshauri, wewe na wote wa hapo gazetini, mniwie radhi kwa mwandiko, maana nilisoma miaka miwili tu kwa masista na leo kalamu naikandamiza kwa hasira, si kwa ujinga.

Sisi tunakaa Kigongo, karibu na pale mitumbwi inapovukia kwenda Busisi. Shule yetu ni ya udongo na nyasi lakini ina mwalimu ajuaye kazi yake, mwalimu Josephat, ambaye kila asubuhi akigonga kile kipande cha reli watoto wanapanga mstari, anatazama kucha, anatazama masikio, na mwanangu hajarudishwa ziwani kunawa hata siku moja tangu aingie, waulize. Jedwali la kuzidisha analiimba mpaka kumi na mbili bila kumeza mate, na gazeti hili lako yeye ndiye anayewasomea watu wanaongoja mtumbwi, mpaka wazee wanamwambia, rudia hapo, baba. Na mwaka huu kila mtoto alikatiwa kishamba nyuma ya shule, matuta kumi na mawili, alime mwenyewe, apalilie mwenyewe, abebe samadi kichwani kutoka zizini, kisha Bwana Shamba akaja kutoka Mwanza na kamba yake, akapima, akahesabu vitumba, akasema hiki ndicho cha kwanza. Cha Mihayo wa Shimba. Wa pili akawa Paskazia, binti wa jirani yetu Venant, alipungukiwa kidogo tu, msichana ana bidii sikatai, hata zile wiki mbili Mihayo alipolala na homa yeye alikuwa akishinda huko huko shambani, maana vishamba vyao vimepakana. Lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Zawadi ikawa jembe, jipya, la dukani kwa Amirali mjini, na karatasi ya duka bado imebandikwa. Bwana mshauri, wewe ungekuwa mama ungefanyaje? Mimi nililitia begani nikatoka nalo, nikapita nyumba kwa nyumba na vigelegele, kwa shemeji yangu Mayala, kwa katekista, hata kwa yule mama aliyeniambia mwaka juzi kwamba mwanangu ana kichwa kizito, na mwisho nikaingia kwa Venant, kwa sababu mkewe Odeta ni rafiki yangu, tunatwanga kinu kimoja. Nilipiga vigelegele pale mlangoni mpaka kuku wakatawanyika. Odeta akalipokea kwa mikono miwili akaliegemeza ukutani, tukala viazi na samaki, maneno yakawa mengi, nikarudi kwangu mikono mitupu. Nikasema, jembe lina miguu? Kesho nitalifuata.

Kesho yake naenda, namkuta Venant amekaa mlangoni amevaa kanzu ya kanisani, na siku yenyewe ni Jumanne. Nikamwamkia, nikaomba jembe la mtoto. Akacheka kama mtu aliyetaniwa.

"Jembe likishalala ndani halitoki, mkwe wangu."

Mkwe. Mimi. Kumbe hawa watu ni wa Ukerewe, na katika ukoo wake jembe jipya likiletwa na mama wa kijana kwa vigelegele, likalala ndani ya nyumba yenye binti, basi binti ameposwa, na kulichukua tena ni kumtukana binti mbele ya watu. Nikamwambia Mihayo ana miaka kumi na mmoja, juzi tu alilia kwa sababu mbuzi wamekula daftari lake, huyo ndiye bwana harusi? Akanijibu kwamba hakuna aliyesema harusi kesho, jembe linaweza kungoja na watoto watakua. Na Odeta, ninayetwanga naye kila siku, kainamia mboga zake anachambua, hata jicho hakuniinulia.

Tangu hapo Paskazia haji shule. Baba yake anasema binti aliyeposwa hakai benchi moja na wavulana, abaki nyumbani ajue jiko. Hilo ni lao. Shida yangu mimi ni jembe, kwa sababu mwalimu ametangaza sherehe ya wazazi, Jumamosi tarehe 27 Agosti, Bwana Shamba atarudi, na mtoto wa kwanza atavuta tuta la kwanza mbele ya watu wote kwa jembe lile lile alilopewa. Na mimi nimekwisha kualika. Dada yangu anakuja kutoka Sengerema na watoto wake wote, wajomba wa Igoma wanakuja kwa miguu, nimeloweka mtama wa togwa. Waje watu thelathini kumtazama mwanangu ameshika mpini wa kuazima?

Mume wangu Shimba yuko mjini kwenye mashine za kuchambua pamba, amenitumia salamu kwamba vita nimevianza mwenyewe nivimalize mwenyewe. Mayala anasema twende na marungu. Mwalimu anasema hayo ni mambo ya nyumbani, yeye kazi yake ni hesabu. Basi, bwana mshauri, nisaidie wewe: nimpeleke Venant kwa mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, nimshtaki kwa wizi, au niingie nilibebe jembe langu wakiwa shamba? Jibu upesi, maana sili nikashiba.

Ni mimi Tereza, mama yake Mihayo wa kwanza.
Kigongo, 4 Julai 1938

MSHAURI ANAJIBU

Hongera ya mwana, Mama Mihayo, na sasa kaa chini.

Neno wizi liache. Mtu hawi mwizi wa kitu ulichompelekea mlangoni kwake kwa vigelegele, mkewe akakipokea kwa mikono miwili na wewe ukala viazi vyake. Na kuingia nyumbani kwa watu wakiwa shamba ndiko kutakufanya wewe uwe mwizi. Umetwanga na Odeta kinu kimoja miaka yote hiyo, hukuwahi hata siku moja kumuuliza kwao wanaposaje? Mdomo ulikuwa na kazi nyingine, nafikiri.

Nimewauliza wazee wawili wa Ukerewe walioko hapa mjini. Mmoja alicheka mpaka akafuta machozi, wa pili hakucheka. Wanasema koo hazifanani, ila jembe lililoingia kwa makosa lina njia yake ya kutoka: aliyeliingiza arudi mwenyewe, mchana, kimya, pamoja na mtu mzima wa upande wa mume, akiri kosa mbele ya binti mwenyewe, na alete kitu cha kumwondolea binti aibu. Kuku anatosha.

Venant anaijua njia hiyo, na kama hakukuonyesha ni kwa kuwa hakutaka. Najua gazeti hili litasomwa hapo kivukoni, kwa hiyo naye namwambia. Mzee, mwanamke akija na jembe la zawadi ya shule, karatasi ya duka bado iko juu yake, unajua kabisa kwamba hakuja kuposa. Ulimkamata mwenzako kwa furaha yake. Na mtoto aliyekuwa wa pili shule nzima unamkalisha jikoni angoje mvulana anayelilia daftari.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwako, Mama Mihayo. Umeandika kurasa tatu za jembe, na mtoto aliyetolewa shule kwa ajili ya vigelegele vyako umempa mistari miwili, ukafunga kwa kusema hilo ni lao. Si lao. Ni lako. Nimeisoma tena barua yako pale ulipopita mbio. Mwanao alilala na homa wiki mbili, na pamba haijipalilii. Ni nani aliyeng'oa magugu katika matuta yale kumi na mawili? Umemtaja mwenyewe kwa kalamu yako, kisha ukamruka kama dimbwi. Msichana amelima vishamba viwili, akakosa nafasi ya kwanza kwa kidogo, na sasa amekosa hata benchi.

Basi sikiliza. Jumapili hii baada ya ibada, mwambie Mayala aache rungu nyumbani ashike kuku. Nendeni. Paskazia awepo, Odeta awepo. Sema hivi: "Nilileta majivuno, sikuleta posa." Ukishasema nyamaza, najua utataka kuongeza. Kisha mshukuru msichana kwa zile wiki mbili, mbele ya baba yake, asikie ni mtoto wa namna gani anayemfungia. Venant akilitoa jembe, usilipokee mpaka ataje siku ambayo binti atarudi darasani. Akikataa, hapo ndipo uende kwa mwanangwa, na usimshtaki kwa jembe, mshtaki kwa kumzuia mtoto shule kwa posa ambayo haikuwepo. Mwalimu Josephat mchukue uende naye. Akisema kazi yake ni hesabu, mjibu kwamba hesabu ya darasa lake imepungua mtoto mmoja.

Na Odeta usimsuse. Mwanamke aliyeshindwa kukutazama usoni hakuwa upande wa mumewe.

Siku ya sherehe Mihayo alivute tuta mpaka katikati, ampe Paskazia mpini amalizie. Muulize kwanza, ila nadhani hutapata taabu naye. Yeye alipotoka kitandani alikikuta kishamba chake kisafi, anajua zaidi yako. Vigelegele vyako sikukatazi. Vipige kwa watoto wawili.

Wageni wako wa Sengerema na Igoma waache waje, na togwa ikorogwe ya kutosha, kwa sababu na mimi nakuja kuona. Venant naye aje na kanzu yake, safari hii atakuwa na sababu ya kuivaa. Sote tukutane hapo nyuma ya shule, kwenye matuta, kipande cha reli kikigongwa mara ya kwanza, Jumamosi tarehe 27 Agosti.