Mistari Miwili ya Chai

Roret, Jumanne 11 Machi

Mama, leo nimejaza fomu ya ufadhili wa utafiti wa sayansi chuoni. Nilieleza jaribio letu, mstari wa chai tuliotia jivu na ule tuliouacha bila jivu, tuone upi utazaa zaidi. Mwalimu wa kemia alicheka.

"Wewe msichana, hiyo ni shamba ya mama yako. Andika ulifanya kwa maabara."

Maabara gani? Ile iliyofungwa tangu kidato cha pili, yeye akiweka humo baiskeli yake? Ati ndiye mwanasayansi!

Wewe ulichuma kila mstari kwa kikapu chake, mpaka wiki uliyofariki.

Palipoulizwa nani alinisimamia, nimeandika jina lako, mchuma chai. Nimetuma. Wanachukua wachache, nami naogopa.

Unikumbuke huko, Mama.